Ombi la Farasi Wafupi

Kwa Mheshimiwa Mkata Ramani,
Ofisini kwako,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: FARASI WAFUPI KWA AJILI YA MSITU WA NGONG ROAD

Pokea shukrani zangu. Sisi tunaokodi farasi wikendi kuzunguka Msitu wa Ngong Road, kazi yako imetupunguzia mengi: muda, gharama na maumivu ya mapaja. Msitu huu ulipotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo hata nusu haifiki. Mkoloni aliyeuzunguka kwa farasi alirudi jioni amechoka. Sisi tunarudi chai haijapoa.

Shida ni farasi wenyewe. Msitu unapungua, wao wamekataa kupungua. Labda ni malezi. Uwanja wa mbio uko hapo jirani tangu 1954, na farasi wa mbio hufundishwa kwamba mstari wa mwisho haujongei mpaka wote wafike. Kwako wewe mambo ni tofauti. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uagize farasi wafupi, wa kimo cha mbuzi hivi, tuweze kwenda na wakati.

Hawa tulio nao wanatuaibisha. Juzi nilipewa mmoja wa rangi ya hudhurungi, mpole, akawa anapita vizuri kati ya mihugu, mti uleule ambao wachongaji wa Kikamba huugeuza twiga na vifaru vya kuwauzia watalii. Juu yetu kima walikuwa wakirukaruka, wakichungulia angani wasije wakanyakuliwa na tai. Ghafla farasi akasimama. Mbele yake palikuwa na bikoni ya kiwanja, zege limechomoza kwenye majani kama jino. Akainusa. Saisi akavuta hatamu, wapi! Kisha akageuka taratibu, akainua mkia, akapiga muhuri wake palepale juu.

"Msamehe, mkubwa," saisi akaniambia. "Huyu hajui mambo ya hati."

Mbele kidogo tukakaribia Southern Bypass, barabara iliyoupasua msitu vipande. Malori yakanguruma, masikio ya farasi yakalala nyuma, akaanza kurudi kinyumenyume. Nikajaribu kumweleza maendeleo. Mnyama hana shukrani, Mheshimiwa.

Usidhani nalalamika. Najua kazi yako ina historia, na wapinzani wake ni wabishi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda Msitu wa Karura na miche mikononi, wakapokewa na walinzi wa kukodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Hebu fikiria: mtu anataka kupanda mti msituni! Ushamba gani huo, na viwanja vilishapata wenyewe? Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka huohuo Tume ya Ndung'u ikakabidhi ripoti yake kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, Karura na Ngong zikiwamo. Mwingine angeona haya, akaweka rula chini. Wewe ulikwenda kununua penseli mpya.

Hesabu za siku hizi nazo nazipongeza. Serikali inalenga miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hata sikukuu ya kwenda kupanda. Tulipanda. Mche wa urefu wa kiganja ulisimamishwa, ukamwagiwa maji, ukapigwa picha na waheshimiwa, basi ukaachiwa Mungu. Kwenye daftari mche huo ni mti mmoja, na muhugu uliosimama tangu enzi za babu zetu ni mti mmoja vilevile. Ukiutoa huu na kuuingiza ule, mahesabu yanalingana. Hayupo wa kulalamika ila kima, ambaye hawezi kulala juu ya mche, na kima hapigi kura.

Ombi langu nimelileta kwa utaratibu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inamtaka anayetaka kubadili mipaka ya msitu wa umma apeleke ombi Bungeni, lisomwe na kujadiliwa, wenye msitu wakisikia. Nikaona hata mimi, ambaye haja yangu ni farasi tu, si vyema nijifiche. Nimeandika mchana kweupe, nimesema ninachotaka na sababu yake, nimetia sahihi, na jibu likiwa "hapana" nitalikubali.

Ombi langu ndilo hili. Lako, Mheshimiwa, uliliwasilisha lini, na lilisomwa mbele ya nani?

Wako mtiifu,
Mpanda Farasi wa Kukodi