Globu Yangu na Vifaranga wa Mama Mwenye Nyumba

Jamani, kupanga kwenye nyumba ya luku moja usiombe. Tupo wapangaji kibao, mita ni moja, na umeme ukikata macho yote yananigeukia mimi. Mwenye friji haangaliwi. Mwenye pasi haangaliwi. Mimi nina feni na globu tu! Globu yenyewe ile ya zamani ya kioo, ya mwanga wa njano, wati 100. Nimehama nayo nyumba hadi nyumba. Usiku naiacha inawaka kwa sababu ya panya. Siogopi giza mimi. Ni panya.

Basi kwenye kikao cha kuchanga hela ya luku akaitwa binti wa mama mwenye nyumba, yuko kidato cha tatu, anasoma fizikia. Kaitwa kunipigia hesabu. Mtu mzima, nimevaa msuli, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, napigiwa hesabu na mtoto wa shule. "Anko, wati 100 maana yake kila sekunde inakula jouli 100 za nishati." Nikatikisa kichwa kama msomi. Jouli sijui ndiyo nini. "Ukiiwasha masaa kumi, yuniti moja imekwenda." Hapo ukumbi mzima ukaguna. Yuniti wanaijua.

Ningenyamaza yangeisha. Si nikajitia kujibu! Nikasema yuniti moja kwa mwanga mzuri vile ni haki yake. Binti akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanga gani, anko? Kwenye hizo jouli 100, zinazotoka kama mwanga ni kama tano. Nyingine zote joto."

Tano! Yaani miaka yote nanunua joto, mwanga napewa nyongeza. Na mimi naishi Dar es Salaam! Nani hapa ananunua joto? Februari mtu unalala sakafuni, shuka hulitaki hata kuliona, kumbe nimetundika jiko darini na nalilipia. Halafu feni nililinunua kwa sababu chumba kina joto. Nalo linakula luku. Nalipa kuingiza, nalipa kutoa.

Binti akashika kasi. Eti ndani ya kile kioo kuna uzi mwembamba wa tungsteni. Umeme unapita humo kwa kubanana, elektroni zinagongana na atomi za uzi, uzi unapata moto mpaka nyuzijoto kama 2,500 za Selsiasi, ndipo unang'aa. Chuma kingekuwa uji zamani. Tungsteni inavumilia, haiyeyuki mpaka ipite 3,400. Na humo hewa yetu hii haimo, wameweka gesi kama agoni, maana oksijeni ikiingia tu uzi unateketea. Nyuzi 2,500, sentimita chache kutoka kwenye upara wangu! Na sehemu kubwa ya kinachotoka ni mionzi ya infraredi, jicho haliioni, ngozi ndiyo inaijua. Ngozi ya upara inaijua zaidi.

Nikauliza na la moyoni: kwa nini globu inaungua pale pale ninapobonyeza swichi, tena nikiwa na mgeni? Akasema uzi ukiwa wa baridi ukinzani wake ni mdogo, umeme unaingia kwa kishindo, na uzi wenyewe ulishachakaa. Tungsteni inapukutika taratibu na kuganda kwenye kioo kwa ndani, ndiyo ule weusi. Kwa ndani! Mimi ule weusi nilikuwa naufuta kwa nje. Kwa sabuni na steel wire.

Sasa mama mwenye nyumba katika yote hayo alisikia neno moja tu: joto. Jioni hodi, kaingia na boksi la vifaranga. "Baba, wadogo hawa wanataka nyuzi 30 na kitu, na wewe hilo joto lako si linapotea bure?" Waya ukarefushwa, globu ikashushwa mpaka juu ya boksi. Vifaranga wanaona vizuri sana. Mimi gazeti nalisoma nimelala kifudifudi, shavu kwenye boksi.

Nikaona nijikomboe. Nikanunua ya LED, wati 15, muuza duka akaniapia inawaka sawa na ile ya 100. Na kweli! Hii haina uzi wa kuchomwa. Ni kipande cha semikondakta, elektroni zikivuka humo zinaachia nishati moja kwa moja kama mwanga wa bluu, halafu poda ya njano iliyopakwa juu inaugeuza kuwa mweupe. Joto lipo, ila dogo, linakimbilia kwenye kitako. Nikalala kifalme. Usiku wa manane vifaranga wamekunjana, kelele mtaa mzima, mlango unagongwa: "Baba, umewafanya nini watoto?"

Globu ikarudi. LED ikapelekwa koridoni, matumizi ya wote. Asante sikupewa.

Kikao kilichofuata mchango wangu wa luku ukapandishwa. Sababu? Wapangaji wengine wanatumia umeme wa nyumbani, mimi ni mfugaji. Nikasema sawa, mfugaji haya, mayai nitaanza kupata lini? Mama mwenye nyumba akanitazama kwa huruma. Hawa ni kuku wa nyama, na wote wameshalipiwa.