Sifa za Alama Bubu

Washairi wameshasifu farasi, marashi na macho ya bibi harusi. Hakuna aliyekumbuka kuisifu nusu-flati, ile flati iliyopigwa kistari mkiani, ambayo nikiiweka kwenye programu yangu ya kuandika muziki hukaa mbele ya noti kama mzee wa mtaa barazani: ina heshima zake zote, na kazi haifanyi.

Watazame wenzake. Forte ukiiandika tu, kompyuta inapandisha sauti papo hapo. Fermata inasimamisha wimbo bila kuuliza. Vibaraka! Nusu-flati yangu haijishushi hivyo.

Hapa Ras al Hadd, ncha ya Oman inapoishia mashariki, ninaandika noti za taarabu ambayo wazee wetu walirudi nayo kutoka Unguja. Nyimbo za maqamu ya Rast haziendi bila sika, ile Mi iliyoshuka kidogo lakini haijafika kuwa Mi flati. Nabonyeza kitufe cha kucheza. Kompyuta inaiona alama, inaipita, inapiga Mi kavu. Ami yangu, mzaliwa wa Ng'ambo ya mji wa Unguja, akaweka kikombe cha kahawa chini: "Hii taarabu, mwanangu, au kinanda cha kanisani?"

Na elimu inayonipa nusu-flati! Bila hiyo nisingejua kwamba MIDI, lugha inayoiambia kompyuta noti ipi ipigwe, iliyotoka mwaka 1983, inahesabu noti kwa nusu toni tu, na anayetaka kilicho katikati lazima aipinde sauti. Kupinda kuna hatua 16,384. Sauti iliyonyooka iko 8,192. Kwa mpangilio wa kawaida wa toni moja juu na moja chini, robo toni ni hatua 2,048. Basi kabla ya Mi naandika 6,144, na baada yake narudisha 8,192. Nikisahau, wimbo wote uliobaki unazama. Tena amri hiyo huikamata chaneli nzima: ganuni ikipiga Sol pamoja na ile Mi, na Sol nayo inavutwa chini, haina kosa lolote. Dawa ni kuipa Mi chaneli yake. Ziko 16, na kwa desturi moja ni ya ngoma. Ganuni moja sasa ina wapigaji wawili, na hakuna hata mmoja anayekula pilau.

Nikamaliza, nikacheza. Ami akatega sikio. "Bado. Ipandishe kidogo."

Hapo ndipo nilipoiona hekima ya alama yangu. Mwaka 1932 mabingwa walikutana Cairo kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu, wakabishana kama oktavu igawanywe robo toni 24 zilizo sawasawa, na sika ikae wapi hasa. Hawakuafikiana. Nusu-flati imewapita wote kwa kunyamaza.

Hata safari zake ni za ajabu. Nikituma PDF Unguja, inafika alama bila sauti. Nikituma faili la MIDI, inafika sauti bila alama. Mpiga ganuni huko hahitaji hata kimoja: anasoma juu ya karatasi neno Rast, anainua vibati vidogo chini ya nyuzi za Mi, anaanza kupiga.