Fundi na Mteja Chumba Kimoja

Mwanamke wa Dar es Salaam mwenye ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake hana kabati la nguo; ana ghala la sare. Leo sendofu, kesho kitchen party, keshokutwa kipaimara. Kila kamati ina rangi yake, na kila rangi inataka mshono. Nikajisemea: cherehani ninayo, macho ninayo, mwili ni wangu. Kwa nini nisijipime mwenyewe, nikachora pateni yangu kwenye karatasi, na kila sare ikija niitandikie karatasi hiyohiyo, nikate, nishone, nivae?

Hesabu zenyewe ni za darasa la nne. Unachukua mzunguko wa kifua, unaongeza inchi 4 za kupumulia, unagawa kwa 4. Kifua 40, na 4, ni 44. Gawa kwa 4, unapata 11. Huo ndio upana wa robo ya gauni. Mbele unachora nusu, nyuma unachora nusu, na kitambaa kikikunjwa upande wa pili unajileta wenyewe. Hapo hakuna fumbo. Fumbo ni nani atashika futi.

Anayepimwa hatakiwi kuinama, na anayepima hana budi kuinama asome namba. Mkiwa wawili mtaelewana. Ukiwa peke yako, ukiinamisha shingo kusoma kifua, kifua kinashuka na namba uliyoifuata imeshaondoka. Ukinyanyua mkono kupeleka futi mgongoni, bega linapanda na kwapa linafuata. Urefu wa mgongo huanzia kwenye ule mfupa unaochomoza chini ya shingo, huishia kiunoni. Niliubana mwanzo wa futi kwa pini kwenye kola, nikanyooka, nikapapasa kwa nyuma. Inchi 23! Kwa kipimo hicho, kiuno changu kinaanzia pale ninapokalia.

Nikamwita binti wa dada yangu, yuko kidato cha kwanza, sauti yake ni ya kwaya.

"Mama mdogo, makalio mia na nane!"

Chini ya dirisha, muuza genge aliacha kupanga nyanya. Futi ina pande mbili, inchi 60 huku, sentimita 150 kule, na mahali fulani kati ya kifua na makalio ilikuwa imejigeuza. Nilimfafanulia binti, lakini muuza genge hakuna aliyemfafanulia. Tangu siku hiyo ananifungia mboga kwa heshima ya pekee.

Ilipofika zamu ya tumbo ndipo ilipodhihirika kwamba chumbani kulikuwa na watu wawili wanaogombea mwili mmoja: Fundi na Mteja. Mteja, akiona futi inakaribia, anavuta pumzi na kuificha. Fundi anaona, lakini ananyamaza, maana namba ile inampendeza na yeye. Kiuno hutafutwa kwa kufunga lastiki tumboni na kuinama upande. Pale mwili unapojikunja ndipo lastiki inapotulia. Asubuhi ilitulia vizuri. Baada ya pilau ilihama. Fundi akauliza aandike kiuno kipi. Mteja akasema cha asubuhi, kana kwamba kuna harusi inayofanyika kabla ya watu kula.

Pateni ilichorwa kwenye magazeti yaliyounganishwa kwa gundi. Mume wangu, Yanga wa kuzaliwa, akaja kuutafuta msimamo wa ligi.

"Uko kwenye kwapa la kushoto."

"Na Simba?"

"Nimewakata nikichonga shingo."

"Hapo sina neno," akasema, akaenda zake.

Fundi mwenye busara hakati kitenge kabla ya kujaribu kwa kitambaa cha bei nafuu. Nikanunua merikani Kariakoo, ile pamba isiyopaushwa ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliijaza Zanzibar karne ya 19. Jimbo hilohilo ndiko fundi Ebenezer Butterick alikoanza, mwaka 1863, kuuza pateni za karatasi za saizi mbalimbali, watu wachague na kwenda zao. Nilimwombea dua mzee huyo nikiwa nimenasa ndani ya merikani yangu, mikono juu, binti akivuta kwa chini.

Iliposhuka, ilikaa barabara, almuradi nisimame wima bila kupumua. Lakini sare haivaliwi na mtu wa hivyo. Sare hupanda bajaji, huketi kwenye kiti cha plastiki, hula, hunyanyua mkono kupunga leso, kisha hucheza kwaito hadi usiku. Nikapunga leso ya majaribio, gauni zima likapanda kwenda magotini. Dawa ya kwapa kumbe ni kinyume cha akili: ukilishusha ili mkono upate nafasi, mkono ukipanda unaondoka na gauni; kwapa likiwa juu, karibu na mwili, mkono unapanda na gauni linabaki. Mabega nayo yalitofautiana, la kulia limeshushwa na mkoba wa miaka mingi, wakati kitambaa kilichokunjwa hakijui kulia wala kushoto.

"Inabana tumboni," Mteja akalalamika.

"Umenenepa," akajibu Fundi.

"Ulinipima jana!"

"Jana ulikuwa umeficha pumzi."

Ugomvi huo hauna mwenyekiti wa mtaa wa kuuamua, na Mteja hana pa kuhamia. Kwa bahati Fundi alikuwa ameacha inchi nzima ndani ya kila mshono, maana mtu wake anamjua. Akafumua, akaachia, na vipimo vikachukuliwa upya: mtu ameketi, ameshiba, anapumua. Kwa vipimo hivyo kitenge kilikatwa, na sendofu ikachezwa mpaka muziki ukazimwa.

Sasa imekuja sare ya kipaimara. Mteja anaomba apunguziwe kwa kuwa ni ndugu. Fundi anataka kianzio.