Jinsi ya Kupanda na Kitabu Basi la Desemba

Desemba ikikolea na Wachaga wa Dar es Salaam wakaanza kutaniwa kuwa wanakwenda kuhesabiwa kwao Kilimanjaro, kata tiketi mapema, kisha chagua kitabu. Kimoja tu. Viwili vitagombea nafasi na mkate wa bibi, na bibi lazima apate mkate.

Mimi nakupa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Ni chembamba, na ndani yake ni safari tupu: Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Soma mjumbe mmoja, funga, tazama nje. Kutoka Mbezi hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Wajumbe sita wanatosha kabisa.

Usifungue kabla ya Chalinze. Hadi hapo ni foleni na simu za "mmefika wapi?" Jirani akichungulia ukurasa wako, usimpe bega, msubiri amalize ndipo ufunue. Akichelewa, msomee kwa sauti ya chini. Mkifika Segera, tazama barabara inayochepuka kulia: inakwenda Tanga, mkoa alikozaliwa mwandishi huyo mwaka 1909.

Ukipita Same, weka kitabu mapajani. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, na nilipokuwa mtoto jambo hilo lilinishinda kulipiga picha akilini. Kisha jioni moja, maeneo ya Mwanga, mawingu yalikuwa yameikata Kibo ya Kilimanjaro kiunoni, na kilele chake cha mita 5,895 kikabaki juu peke yake, hakina miguu. Tangu siku hiyo nchi ile naijua.

Krismasi yenyewe usisome. Kuna ndafu, kuna mtori, kuna mbege inayozunguka, na kama mna ndugu mliokoseana, jani la isale la kuombana msamaha halipelekwi na mtu aliyeinamia kitabu. Kurasa zilizobaki zimalizie asubuhi inayofuata, kihambani, migomba ikiwa bado inadondosha umande.

Januari ukirudi mjini, kitabu kisirudi. Kiache kwa mtoto anayebaki na bibi. Changu nilimwachia binti wa shangazi. Desemba iliyofuata nilikikuta jalada limeunganishwa kwa gundi, kina doa la mtori kwenye ukurasa wa mjumbe wa tatu, na yeye akaanza kunisimulia habari za wa sita kabla sijatua begi.