Msafara Usio na Mamba

(Ukingo wa Mto Mara, Kogatende, wilayani Serengeti. Novemba. Nyumbu wameshateremka kusini. MAMBA jike amejilaza mchangani, tumbo limejaa. KENGE anatokea upande wa jiko la kambi ya watalii.)

KENGE: Shikamoo, bibi.

MAMBA: Marahaba. Simama hapo hapo, mura. Mayai yangu ya mwaka jana sijayasahau.

KENGE: Yaliyopita si ndwele. Nimekuletea habari za jikoni. Yule bwana wa Tarime mwenye maduka, kalipia chumba na milo mitatu kwa siku, lakini chakula hakigusi.

MAMBA: Anaumwa?

KENGE: Kajidunga. Sindano ya kukata hamu ya kula, mara moja kwa wiki. Kisukari hana, ana kitambi tu, na harusi ya bintiye ni Desemba. Suti haifungi.

MAMBA: Kitambi si ndicho kilichokuwa kikimpa mtu kiti cha mbele?

KENGE: Hiyo zamani. Siku hizi mwenye pesa anakionea haya. Na wenye kisukari, ambao dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili yao kwanza, wengi bei hawaiwezi.

MAMBA: Basi hana njaa. Hata mimi naweza kukaa miezi bila kula. Shida iko wapi?

KENGE: Kichefuchefu, bibi. Dawa inachelewesha chakula kutoka tumboni, halafu inauambia ubongo umeshiba. Alianza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, akavumilia. Wiki hii kapanda hadi 0.5, ndipo mambo yakaharibika. Jana alishinda na maji matupu, eti hasikii njaa. Tumbo lilivyozidi kuwa tupu ndivyo lilivyozidi kumchafuka. Usiku akasema atalikomesha. Akaagiza mbuzi wa kukaanga na chipsi, sahani imefurika, akafakamia, akaenda kulala chali.

MAMBA: Ikawaje?

KENGE: Nilikuwa chini ya dirisha lake. Usiniulize.

MAMBA: (anacheka mpaka maji yanatikisika) Mimi nameza pande la nyumbu na kwato zake!

KENGE: Aliyemwokoa ni mpishi, mama mmoja wa Mugumu. Alfajiri kamkorogea uji wa wimbi, mwepesi, bila siagi wala karanga, nusu kikombe cha chai. Akamsimamia: "Piga funda moja. Weka kikombe chini. Tulia." Bwana mkubwa anayefokea makarani wake mchana kutwa, anatii kama mtoto wa chekechea. Baadaye kaletewa kiazi cha kuchemsha, baadaye tena nusu yai. Akihisi ameshiba, sahani inaondolewa hapo hapo. Kulala baada ya kula, marufuku, akae wima. Na mama kamwonya: akitapika mfululizo, au tumbo likimkata mpaka mgongoni, uji hauna kazi tena, ni gari na hospitali.

MAMBA: Ngoja nikuelewe. Alilipa ili asile. Sasa anakula ili kule kutokula kusimtapishe.

KENGE: Na bili zote mbili zinamsubiri. Nusu ya yai inayobaki ni yangu. Tangu aanze sindano, mwenzako nimenawiri.

MAMBA: Nani aliyebuni kichaa hiki?

KENGE: (anatunisha kifua) Ukoo wetu. Kuna mjusi wa Gila, wa jangwa la Marekani, mwenye sumu mdomoni. Anakula mara chache tu kwa mwaka, akiba anaiweka mkiani. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York aliikuta kwenye sumu yake kemikali inayofanana na homoni ya utumbo wa binadamu. Ikazaa dawa ya kisukari, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2005. Sindano ya huyu bwana haitokani na mjusi moja kwa moja, ni ya kizazi cha baadaye, lakini njia ilifyekwa na ndugu yangu.

MAMBA: Ndiyo maana wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

KENGE: Msafara huu ni wetu, bibi. Mamba hamumo.

MAMBA: (kimya kidogo) Na hiyo sindano kainunua wapi?

KENGE: Imevukia Sirari ndani ya mkoba, katikati ya sabuni na mafuta ya kula, jua la saa nane. Boksi linasema kabla ya kufunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

MAMBA: Daktari kasemaje?

KENGE: Daktari gani? Kaelekezwa na shemeji yake. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu sindano bandia za aina hii. Shemeji hakusikia.

MAMBA: Kwa hiyo hajui hata anachojidunga. Sasa niambie, mura: nikimla, na mimi nitakosa hamu?

KENGE: Huenda. Itabidi mama wa Mugumu akuletee uji hapa mtoni.

MAMBA: Mwambie aulete mwenyewe. Yeye hajaanza sindano, sivyo?