Ajali ya Mwendo wa Sifuri

Kioo cha kushoto ndicho kilichotangulia. Kilikatika shingoni, kikabingirika hadi miguuni mwa mama muuza karanga, naye akakiokota, akajitazama, akaweka kilemba sawa, ndipo akauliza kama kuna mtu aliyeumia.

Hakuna aliyeumia, na hilo ndilo linalouma hadi leo. Aliyevunjika mguu hupata heshima zake: hubebwa, hupewa pole, huletewa machungwa. Mwandishi wa makala haya hakupata hata mchubuko. Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, kwenye sheli moja ya Kibaha kando ya Barabara ya Morogoro, aliangusha pikipiki ya cc 1,298 akiwa amesimama. Aliingia sheli vizuri, akakata kona vizuri, akashika breki, akatua mguu chini. Kisha yeye na mtambo wake wakaenda chini taratibu, kama mzee anayetafuta mkeka kwa makalio. Puu.

Ng'ambo ya pampu palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Boxer kumi na kitu, na juu ya kila Boxer kijana mmoja mwenye muda.

Wiki tatu tu kabla ya hapo, mwandishi naye alikuwa mtu wa Boxer. Boxer BM 150 ina uzito wa kilo 120 na ushei, nguvu za farasi kama 12, na tangi la lita 11. Ni chombo kisicho na makuu. Kikitaka kuanguka unakikataza kwa paja, kinasikia. Kinabeba mkaa, mbuzi, kitanda cha futi sita, mama na watoto wawili waliovaa sare za shule, na dereva bado ana mkono wa ziada wa kupokea simu. Anayekiendesha miaka sita bila kuanguka huanza kuamini kwamba anajua pikipiki. Imani hiyo ndiyo iliyomfikisha mwandishi kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Uingereza, mwenye Yamaha FJR1300 ya mwaka 2006 uani, imefunikwa turubai.

Haki yake apewe: ni pikipiki ya kumtoa mtu udenda. FJR1300 ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2001 kwa watu wanaotaka kwenda mbali na kwenda haraka kwa wakati mmoja. Farasi 140 na zaidi, tangi la lita 25, mabegi magumu mawili ubavuni. Haina cheni, nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti, kama lori. Mbele kuna kioo cha kukinga upepo kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, na mwandishi alikibonyeza mara nyingi kuliko safari ilivyohitaji. Ukoo wa pikipiki za namna hii wengi huuhesabu kuanzia kwenye BMW R100RS ya mwaka 1976, ambayo ganda lake la mbele lilichongwa kwa kupimwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina, Waitalia hao hao wa kubuni magari. Kwa hiyo mwandishi alipokuwa Kimara, kifua mbele, alikuwa amevaa miaka thelathini ya elimu ya upepo.

Na kutoka Kimara kwenda Kibaha, kwenye zile kilomita 19 zenye njia nane, pikipiki haikuwa na uzito hata kidogo. Hili linastahili kuelezwa, maana ndipo mtego ulipo. Chombo cha magurudumu mawili kikiwa kwenye mwendo hujisimamisha chenyewe. Kikianza kulalia kushoto, gurudumu la mbele nalo hugeukia kushoto bila kuambiwa, likaenda kukaa chini ya mzigo unaoanguka, kama mtu anayetembea na fimbo ameisimamisha kwenye kiganja: fimbo inaelekea kule, kiganja kinaiwahi kule kule. Vitabu vingi vilisema siri ni ule mzunguko wa gurudumu, unaolifanya ligome kulala kama pia. Wengine wakasema ni kwa kuwa gurudumu la mbele hugusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa mhimili wa usukani. Mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, wakatengeneza kijibaiskeli kilichonyimwa vyote viwili makusudi, wakakisukuma, nacho kikaenda peke yake bila kuanguka. Yaani jambo ambalo kila mtoto wa Buguruni hulifanya kwa baiskeli ya kukodi, wanasayansi bado walikuwa wakilifukunyua mwaka huo. Mwandishi alisoma habari hiyo usiku wa Ijumaa na kuifurahia sana. Haikumjia akilini kwamba uchawi wote huo unataka sharti moja: mwendo.

Mwendo ukiisha, kilo 290 zinarudi zote, na zinarudi na riba. Hesabu ya haraka haraka, aliyoifanya baadaye akiwa na barafu ya moyo, ni hii. Pikipiki hiyo ikiegemea nyuzi 5, mikono inazuia kama kilo 14, ambazo hazifiki ndoo ya maji ya lita 20. Nyuzi 10, kilo 28. Nyuzi 20, zaidi ya kilo 50: mfuko mzima wa saruji, umeushika ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, na umevaa elementi. (Kuna wanaosisitiza ni helmeti. Kwenye kijiwe ni elementi.) Boxer kwenye nyuzi hizo hizo 20 ni kama kilo 20 tu. Kwa hiyo paja la mwandishi lilifanya kazi yake ya miaka sita bila kosa. Lilichojibiwa ndicho kilichobadilika.

Sababu yenyewe ya kuanguka ni ya aibu kwa udogo wake. Breki ya mbele ya Boxer ni ya ngoma, na kwa waendeshaji wengi ni pambo. Watu husimama kwa mguu wa kulia. FJR ina sahani mbili kubwa mbele, na vidole viwili vinatosha kuisimamisha papo hapo. Sasa, unapokata kona pole pole, pikipiki imelalia ndani ya kona, na kinachoizuia isimalize kulala ni ule mwendo mdogo uliobaki. Ukishika breki ya mbele ghafla usukani ukiwa bado umepindishwa, mwendo unakufa, mlalo unabaki. Hakuna wa kuudai. Hata mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, ambao FJR hiyo inao, unakaa unakutazama tu, kwa sababu hakuna kilichoteleza.

Vijana wa kijiwe walifika kabla mwandishi hajatoa mguu.

"Pole, mkuu!"

"Pole sana, bosi. Imekuponyoka?"

Kuponyoka. Alilipenda neno hilo, akalichukua, analitumia hadi leo. Watatu wakashika usukani, kiti na begi la nyuma. Walikuwa watu wa Boxer, na waliinyanyua kwa nguvu ya kunyanyulia Boxer ikizidishwa kwa watatu, pamoja na kiherehere. "Haya, mbili, tatu!" FJR ikasimama. Ikapita pale pa kusimama. Upande wa pili hapakuwa na mtu hata mmoja, kwa kuwa wote walikuja kusaidia upande ulioanguka.

Puu.

Kioo cha kulia nacho kikaenda. Mama karanga sasa alikuwa na viwili.

Kimya kilichofuata kilivunjwa na dada wa pampu, aliyekuwa ameshatoa simu. Mwandishi alidhani anamrekodi. Kumbe alikuwa anatafuta. "Jamani acheni," akasema, "hapa wanaonyesha unaipa mgongo." Akawasomesha wote. Ikiwa imelalia kulia, kwanza stendi ya pembeni itolewe, kwa sababu iko kushoto na ndiyo itakayoidaka ikivuka. Gia iingie ili magurudumu yasitembee. Usukani upindishwe hadi mwisho, kuelekea upande iliolalia. Halafu mtu achuchumae, aegemeze makalio kwenye kiti, mkono mmoja ushike usukani, mwingine ushike chuma cha nyuma, mgongo unyooke, na atembee kinyumenyume kwa hatua za kuku. Miguu ndiyo inayonyanyua. Anayeinama na kuvuta kwa mgongo ataipata pikipiki wima na mgongo wake umelala.

Inafanya kazi. Mwandishi, mbele ya kijiwe kizima na basi moja la Morogoro lililokuwa likijaza dizeli, aliisukuma Yamaha kwa makalio yake mpaka ikasimama, dada wa pampu akimwelekeza: "Shuka kidogo. Hapo hapo. Sukuma, kaka, sukuma." Abiria wawili walipiga makofi.

Halafu haikuwaka. Haina kiki ya kupiga, na selfu ilizungusha injini bure. Kijana mmoja akasema plagi, mwingine akasema mafuta yamepanda, wa tatu akapendekeza isukumwe, pendekezo lililokufa alipoitazama tena. Dakika 20 zilipita kabla mwandishi hajakumbuka kwamba ndani ya pikipiki hizi kuna swichi inayohisi kwamba chombo kimelala, ikakata moto ili injini isiendelee kunguruma juu ya mguu wa mtu. Nayo haisamehi mpaka ufunguo uzimwe kabisa na kufunguliwa upya. Akazima, akafungua, ikawaka mara moja.

"Haya," akasema dada wa pampu, akichomoa bomba. "Ya elfu ngapi?"

Njia nzima kutoka Kimara alikuwa amejizoeza kusema neno moja: jaza.

"Ya elfu kumi," akasema.

Hayo mengine ya wiki hizo tatu ni madogo. Kwenye foleni ya Ubungo joto la injini lilimpika mapaja hadi akawa anaomba taa ziwe za kijani kwa majina ya manabii. Kwenye harusi moja Mbezi stendi ilizama kwenye udongo wakati wa dua. Mara mbili daladala zimempisha zikidhani nyuma yake kuna msafara wa kiongozi. Polisi wa Japani kweli wameitumia FJR, lakini hilo makondakta hawakulijua. Duka moja la vipuri lilimuuliza tairi ya 180/55 ni ya gari gani.

Kuna jambo moja lakini ambalo amejaribu kulicheka na limekataa.

Leseni yake ni daraja A. Daraja hilo, kwa mpangilio wa Tanzania, ni la pikipiki inayozidi cc 125. Boxer ina cc 144.8. FJR ina cc 1,298. Kwa macho ya leseni ni chombo kimoja. Ulaya, kwa utaratibu ulioanza Januari 2013, kuna ngazi: cc 125 kwanza, kisha pikipiki isiyozidi kilowati 35, na baada ya miaka miwili ndipo mtu anafunguliwa lango la hizi kubwa, au asubiri hadi umri wa miaka 24. Japani walitenganisha pikipiki zinazozidi cc 400 tangu 1975, na hadi mwaka 1996 shule za udereva hazikuruhusiwa hata kufundisha leseni hiyo kubwa. Ilikuwa uende mwenyewe kwenye mtihani, ufeli, urudi. Hadi leo shule za huko humwanzisha mwanafunzi na pikipiki iliyolazwa chini: inua kwanza, ndipo tuongee. Kisha kuna ubao. Upana sentimita 30, urefu mita 15. Mtahiniwa wa pikipiki kubwa anatakiwa aupite kwa sekunde zisizopungua 10. Zisizopungua! Yaani anapimwa polepole, mwendo wa mtu anayetembea kwenda dukani, kwa sababu pale ndipo uzito ulipo. Akidondoka ubaoni, mtihani umeisha.

Mwandishi alipata daraja A kwa kuzunguka matairi mawili chakavu kwenye kiwanja, mwalimu akiwa kivulini na soda. Alizunguka mara mbili. Mara ya pili mwalimu alikuwa anaongea na simu.

Yeye angalau ameanguka akiwa na mwendo wa sifuri, mbele ya watu, na hasara yake ni vioo. Wale vijana watatu waliomnyanyulia, kila mmoja kwa maelezo yake mwenyewe, alifundishwa na rafiki kwenye uwanja wa mpira, jioni moja au mbili, kwa pikipiki ya tajiri. Kesho yake alikuwa na abiria nyuma. Hakuna aliyewahi kumwambia breki ya mbele ni ya nini. Mmoja, alipoulizwa, alisema aliambiwa asiiguse kabisa, itamtupa. Na hivyo ndivyo anavyoendesha barabara hiyo ya njia nane, kati ya malori, kila siku, kwa nusu ya breki zake. Hapo wa kulaumiwa si kijana. Kuna mtu analipwa kufundisha na mwingine analipwa kutahini.

FJR iko nyumbani, inasubiri. Mkono wa klachi ulipinda kwenye anguko la kwanza na kukatika ulipojaribiwa kunyooshwa. Mwenye kujua ulipo mkono wa klachi wa FJR1300 ya 2006, Kariakoo au hata Nairobi, amwambie mwandishi. Kioo cha kulia kimerudishwa. Cha kushoto kiko Kibaha kwenye meza ya karanga, na mama amesema hakiuzi.