Fadhila za Injini Iliyoshushwa

Wapo waliomsifu farasi na wapo waliosifu dhahabu. Mimi nasimama leo kuisifu injini ya Subaru Impreza iliyoshushwa, ikafumuliwa, ikatandazwa mkekani kibarazani kwangu Tabata ili iwekewe pistoni za nguvu. Sijapata kuona kitu chenye manufaa kama hiki, na nimekaa nacho mwaka wa pili sasa.

Fadhila yake kuu ni usalama. Tangu injini itoke, gari langu halijamgonga mtu wala kukwaruzana na bodaboda. Askari wa barabarani wamejificha na tochi zao chini ya kila mwembe, lakini hawajaonja kwangu hata faini moja ya shilingi 30,000. Sheria inataka kwenye makazi ya watu nisizidi kilomita 50 kwa saa. Mimi niko sifuri, mchana na usiku, mvua na jua. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei kikomo za mafuta, majirani hushika vichwa. Mimi naomba chai nyingine. Tairi haziliki, breki haziishi, foleni ya Barabara ya Mandela naisikia kwa watu. Na usalama huo haukuishia kwa binadamu: kuku wa jirani ametamia pale injini ilipokuwa, boneti ikafunikwa, akatotoa vifaranga tisa na kipanga hakupata hata mmoja. Nitajieni gari la Ulaya, pamoja na mifuko yake ya hewa, lenye rekodi hiyo.

Fadhila nyingine ni ndogo ndogo. Inapunguza wageni, maana mkeka una shughuli. Inazuia mfuko wa suruali kutoboka, kwa kuwa hakuna kitu cha kuutoboa.

Ugonjwa wenyewe ulinianza zamani, Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997 na Impreza ya buluu. Nilipokuja kupata ya kwangu, ya mtumba, ilikuwa na nguvu za kutosha. Wakati huo watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza gari linalozidi farasi 280, na mimi nikaona hao ni watu waoga. Injini yangu, EJ20, ilikuja na pistoni za kusubu, yaani aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu, na kuta zinazotenganisha ringi ni nyembamba. Ukiongeza msukumo wa tabo, petroli ikaanza kujilipukia ovyo, kuta zile humeguka. Dawa ni pistoni za kufuliwa, yaani aluminiamu iliyogandamizwa ikiwa bado ngumu, bila kuyeyushwa.

Mke wangu alipoona bei alinyamaza kwanza. Kisha akaokota moja, akaigeuza, akauliza, "Baba Salma, kama hizi ndizo za kufuliwa, mbona hazijatakata?"

Beringi nilizifuata Kariakoo. Muuzaji aliniuliza kwa adabu kubwa: "Bosi, unataka orijino, orijino yenyewe, au orijino kabisa?" Nikasema orijino kabisa. Akaingia nyuma, akatoka na boksi lile lile nililokwisha kuliona kaunta, bei imepanda. Niliomba risiti, ikapanda tena.

Lakini hao ni wafanyabiashara, na biashara ina maneno yake. Aliyenifikisha mimi hapa ni mtu wa karakana ya kuchonga silinda.

Silinda za EJ20 zina kipenyo cha milimita 92. Pistoni zangu ni za 92.5, kwa hiyo silinda lazima zichongwe. Si kazi ya kukisia hiyo. Pistoni ya kufuliwa hutanuka kwa joto kuliko ya kusubu, ndiyo maana huachiwa nafasi kubwa zaidi, na nafasi yenyewe huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Ikibana, pistoni inakwama. Ikizidi, injini inagonga kama mtu anayetwanga, na oili inaliwa. Nilimpelekea bloku, pistoni zote nne, na karatasi ya vipimo iliyokuja nazo.

"Usinifundishe kazi, bosi. Niko hapa miaka thelathini."

Nikamuuliza ataacha nafasi kiasi gani. "Kama unywele."

Unywele wa nani? Wa kwake, ambaye hana hata mmoja? Wa mtoto mchanga? Nilipewa kesho kumi na moja, nikazihesabu. Siku ya kuchukua bloku, pistoni zangu zilikuwa bado kwenye boksi, plastiki haijachanwa, na karatasi ya vipimo imefungia mihogo ya kukaanga. Silinda zilikuwa zimechongwa tayari. Kwa kidole! Alikuwa akipitisha kidole gumba ndani, amefumba macho, na vijana wake watatu wamesimama nyuma wakijifunza, mmoja naye amefumba ya kwake.

Na geji anayo. Hilo ndilo linaloniuma. Iko kwenye kabati la kioo juu ya meza yake, ile geji ya silinda yenye saa, nzuri, karibu mpya, karibu na picha ya harusi yake na kikombe cha mpira wa miguu. Nikamwomba aitumie mara moja tu. Akasita sana, akisema vifaa vya namna hiyo vinachakaa. Mwishowe alitafuta ufunguo, akaitoa, tukapima wote wawili, vijana wakishangaa maana hawakuwahi kuiona nje. Silinda ya kwanza: 92.50. Ya pili: 92.58. Ya tatu: 92.53. Ya nne: 92.64.

Akaitazama ile saa kwa muda mrefu, akaigonga kidogo kwa ukucha.

"Unaona sasa," akasema, "kwa nini siziamini hizi." Akaipangusa kwa kitambaa safi, akairudisha kabatini, akafunga.